Habari Ziwafikie

Babu hakuniuliza kwa nini sikumpigia simu. Angeuliza hivyo ningekuwa na la kujitetea. Aliuliza: "Kwani redioni hawakutangaza?"

Mdogo wake wa mwisho alifariki Kilosa usiku wa kuamkia Jumatano, akazikwa siku hiyohiyo alasiri. Taarifa iliwekwa alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu zaidi ya sitini. Babu hayumo. Simu yake ni kiswaswadu cha vitufe, na tangu nikiwa kidato cha tano kazi ya kumpigia na kumsomea yanayoandikwa humo nimejitwika mimi. Wiki ile nilikuwa Dar es Salaam natetea pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili, nikalizima kundi lisinipigie kelele. Wengine wote walidhani mtu mwingine ameshapiga. Nilifungua ujumbe Ijumaa mchana, siku ambayo Kilosa walikuwa wanaanua tanga. Chini yake palikuwa na rambirambi themanini na kitu, nyingi zikiwa ni picha ya mshumaa.

Wiki mbili baadaye nilishuka treni Tabora. Babu alinipokea kama kawaida, akauliza hali ya masomo, akaniagizia chai. Swali la redio alilitoa jioni, tukiwa barazani kwake Ng'ambo, akiwa ameishika ileile National yake ya bendi tatu ambayo ganda lake limefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Nilimjibu kwamba siku hizi watu hawatangazi vifo redioni kama zamani, na hata wakitangaza, redio ya Morogoro haifiki Tabora. Akalitazama jibu langu kwa muda mrefu.

"Zamani ilifika," alisema.

Pendekezo nililokuwa nimelitetea lilihusu wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19: mishahara yao, mizigo yao, njia zao. Swali la Babu halikuwamo. Lakini tangu jioni ile, kila ninaposoma habari za msafara, naona ninasoma habari za habari zenyewe: nani alizibeba, zilichukua siku ngapi, ziliishia wapi.

Chukua msiba ambao kila mtalii anayepelekwa Kwihara husimuliwa kipande chake. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Njiani walisikia kwamba huko Unyanyembe kuna msafara wa Wazungu uliokuja kumtafuta bwana wao, na kwamba mwanawe Oswell yumo. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari India, akaandika barua ya msiba kwa Oswell, na Chuma akatangulia nayo. Ilifika Oktoba. Oswell hakuwapo, alikuwa amesharudi kwao Uingereza. Aliyeipokea ni Verney Lovett Cameron, mgonjwa wa homa, ambaye alishauri maiti izikwe palepale Unyanyembe. Wapagazi walikataa, wakaibeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ya barua, si kwa sababu ya Livingstone. Hilo ni tangazo la kifo: limeandikwa, lina jina la ndugu wa kupelekewa, limechukua zaidi ya miezi mitano kufika Tabora, na limemkosa mlengwa. Na huo haukuwa mwendo wa ajabu. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta kifurushi cha barua za Livingstone kilichofungwa Unguja tarehe 1 Novemba 1870, kimelala tu. Mwaka huohuo Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley ikabidi azungukie kusini. Watu husema Mirambo alizuia pembe za ndovu. Alizuia na habari pia. Aliyeishika Tabora aliishika njia panda: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, mashariki Ugogo na pwani. Kila neno lililovuka nchi lilipita hapo, likalala, likaongezwa chumvi, likaendelea na safari asubuhi.

Reli haikuivunja njia hiyo, iliilalia. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Wajukuu wa wapagazi wakapanda mabehewa kwenda kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, au wakaajiriwa na reli yenyewe kama Babu. Kwa namna hiyo ukoo mmoja ukatandazwa kwenye mstari wa zaidi ya kilometa elfu moja. Ukitaka kujua Wanyamwezi walikwenda wapi, unaweza kusoma takwimu za wakoloni za vibarua. Au ungesikiliza matangazo ya vifo ya Radio Tanzania.

Msomaji aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajawahi kuyasikia, kwa hiyo niyaeleze. Utangazaji Tanganyika ulianza Dar es Salaam 1951, kwa kituo kidogo cha majaribio. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ikalichukua, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa karibu miaka thelathini Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya ndani. Kwenye redio hiyo, kwa saa zilizojulikana, sauti ya mtangazaji ilishuka, ikasoma: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani. Halafu yakaja maneno ambayo Babu anayasema bila kuvuta pumzi: habari ziwafikie. Ziwafikie fulani wa Kaliua, fulani wa Bukene, fulani wa Reli Morogoro, fulani wa mashamba ya mkonge Muheza, na ndugu na jamaa wote popote pale walipo.

Babu alipeleka tangazo la namna hiyo mara moja, mama yake alipofariki mwaka 1984. Anasema walihesabu maneno kwanza, kwa kuwa yalikuwa yanalipiwa, wakabishana nani aachwe. Kila jina lilikuwa na gharama, na kila jina lililoachwa lilikuwa na lawama zake. Siku ya tatu shemeji yao aliteremka kutoka treni ya Mwanza. Alikuwa amesikia Malampaka, dukani, kwenye redio ya mtu asiyemjua. Mwenye redio ndiye aliyemwambia, "Si wewe huyo waliyekutaja?"

Hapo ndipo penye tofauti ambayo sikuweza kumweleza Babu, na labda yeye ndiye alikuwa akinieleza mimi. Ujumbe wetu wa WhatsApp ulifika kwa sekunde moja, lakini ulifika kwa waliokwishaandikishwa. Tangazo la redio lilimfikia kila mtu, pamoja na wasiohusika, na wasiohusika ndio walioufikisha mlangoni.

Kilichowezesha hayo, magharibi mwa nchi hii, kilikuwa hasa masafa mafupi na masafa ya kati, na ya kati yana tabia zake. Jioni za likizo nilizokuwa darasa la sita Babu alinifundisha kuyakamata bila kunifundisha fizikia yake. Redio haivutwi antena, inageuzwa. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichosokotewa waya mwembamba wa shaba, na kijiti hicho husikia vizuri kwa ubavu, vibaya kwa ncha. Ukiigeuza redio taratibu juu ya stuli, kituo kimoja kinazama na kingine kinaibuka kwenye nafasi ileile. Betri zikichoka unazianika juani, au unazing'ata kidogo, zikupe taarifa ya habari moja zaidi.

Fizikia nimeisoma baadaye. Mchana, tabaka la chini la ile sehemu ya anga yenye chaji za umeme, ambalo hutengenezwa na jua, hunyonya mawimbi ya kati yanayopanda juu. Kinachobaki ni wimbi linalotambaa ardhini, na udongo mkavu wa kichanga wa nchi ya miombo haulibebi mbali kama linavyobebwa na ardhi ya majimaji au bahari. Jua likizama tabaka hilo hutoweka. Mawimbi yanapita, yanagonga tabaka za juu zaidi, yanarudi chini mamia ya kilometa kutoka mnarani. RTD ilikuwa na mitambo ya masafa ya kati mikoani, Mwanza, Dodoma na Kigoma ikiwamo. Itazame ramani: Tabora iko katikati, karibu kilometa 280 kutoka Mwanza, kama 350 kutoka Dodoma na kiasi hichohicho kutoka Kigoma. Mchana ni mbali mno. Usiku ni mlango wa jirani. Ndiyo maana kumbukumbu za redio za wazee wa huku zote zina giza ndani yake. Hata muziki. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilikuwa bendi za mji huu, zilizokuwa zikipiga dansi mitaa michache kutoka kwa Babu, lakini yeye husema nyimbo zao "zilikuja" usiku, kana kwamba zilitoka nchi nyingine. Kwa namna fulani zilitoka. Bendi ilisafiri na ala zake hadi studio ya RTD, ikarekodiwa kwenye utepe, na wimbo ukarudi nyumbani peke yake.

Na serikali nayo ilikuja usiku. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi: tarehe 20 kambi ya Colito Dar es Salaam, na tarehe 21 kambi ya Kalewa hapa Tabora. Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Anakumbuka watu wamejazana nje ya duka la Mhindi kusikia kama Mwalimu yu hai, kwa sababu alikuwa hajaonekana. Nyerere alipozungumza redioni, anasema Babu, watu hawakusikiliza maneno, walisikiliza kama ni sauti yake kweli. Tabora waliijua, alisoma hapa na kufundisha hapa. Siku chache baadaye makomando wa Kiingereza waliruka hadi Tabora kuwanyang'anya askari silaha. Mwaka 1973 redio hiyohiyo iliwaketisha watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza Mtu ni Afya na kuchimba vyoo. Babu alichimba. Choo kilititia mvua za kwanza, jambo ambalo halimo kwenye ripoti zozote za kampeni nilizosoma.

Lakini kisa kinachonieleza vizuri zaidi nguvu ya masafa ya kati kilitokea Dodoma, na kilitokea kimyakimya. Julai 1993 RTD ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Bibi anamkumbuka mhusika wake mkuu, Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu ambaye hatimaye anasimama kwa miguu yake. Mchezo ulirushwa na vituo vya RTD vya Bara, isipokuwa Dodoma. Huko, saa ya Mkwaju ilipofika, mtambo wa masafa ya kati ulirusha kipindi kingine. Ilikuwa makusudi. Everett Rogers wa Marekani na wenzake, pamoja na watu wa RTD, walitaka kupima kama mchezo unabadilisha tabia, wakahitaji eneo lisilousikia. Kwa miaka miwili eneo la Dodoma liliachwa hivyo, hadi 1995 mchezo ulipofunguliwa huko pia. Walichokipata ni kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi mchezo ulikosikika, na Dodoma nayo ilianza kubadilika uliposikika.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na bado hakinikai vizuri. Kama utafiti ni kazi safi, inatajwa darasani hadi leo. Lakini ilikuwa 1993, na habari zenyewe zilikuwa za UKIMWI. Mirambo aliifunga njia kwa bunduki. Hapa ilitosha kubadilisha utepe kwenye mtambo mmoja. Na kilichowezesha kufunga ni kilekile kilichowezesha kufikisha: mnara mmoja, eneo kubwa, watu wengi wasio na redio nyingine. Siwezi kumlilia mzee huyu wa masafa ya kati kana kwamba hakuwa na bwana.

Bwana huyo alianza kupoteza wasikilizaji wakati uleule. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu redio binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, na FM ikaja na muziki usio na mikwaruzo. Haikuwa kwamba wote walikimbilia FM. Radio Free Africa ya Mwanza, redio ya mtu binafsi, ilipanda pia masafa ya kati, kilohezi 1377, na kuna wapenzi wa redio za mbali huko Ulaya walioikamata usiku wa baridi na kuiandika kwenye madaftari yao. Watu hao husikiliza kwa ajili ya umbali wenyewe. Nilimweleza Babu habari zao, akaona ni watu wenye akili.

RTD ikaunganishwa na televisheni ya taifa mwaka 2002, ikaja kuwa TBC, ambayo juhudi yake sasa ni kusimika mitambo ya FM wilaya hadi wilaya. Naielewa hesabu hiyo. Mtambo wa masafa ya kati unakula umeme mwingi, mlingoti wake ni mrefu na unahitaji kiwanja kizima chenye nyaya zilizofukiwa ardhini, vipuri vyake havipatikani kirahisi. Ujerumani na Ufaransa zilizima mitambo yao mikubwa ya umma mwishoni mwa 2015. Marekani wanabishana bungeni kama magari ya umeme yalazimishwe kubaki na bendi hiyo, kwa sababu injini zake huitilia kelele. Na kelele hiyo tunayo hata huku. Umeme ulipofika vijijini ulikuja na chaja za simu na taa za bei rahisi, na kila moja ya hizo hunguruma ndani ya masafa ya kati. Bibi huzima chaja zote Babu anapowasha redio. Ni ugomvi wa kila siku.

FM nayo ina mpaka wake, nao ni upeo wa macho. Tabora mjini kuna redio nzuri, Voice of Tabora na nyinginezo, zenye watangazaji wanaojua nani kapotelewa na ng'ombe mtaa gani. Panda basi kuelekea Sikonge na uendelee kusini, utazisikia zikikwaruza, kisha zikikatika, na muda si mrefu simu nayo inapoteza mtandao. Huko ndiko wanakolima tumbaku na kurina asali, wanaume wakikaa porini wiki kadhaa. Wengi bado hubeba redio. Ni hizi za kisasa zenye sehemu ya flashi, na kinachopigwa ni muziki uliopakiwa mjini kabla ya safari. Mrina asali aliyefika kwa Babu kuuza ndoo mbili aliniambia kuwa usiku huzungusha sindano upande wa AM, na hukamata lugha asizozijua. Habari za nyumbani atazikuta akirudi.

Usiku wa mwisho wa safari ile tuliwasha National. Bibi akachomoa chaja. Babu aliigeuza juu ya stuli, robo mzunguko, nusu mzunguko. Kulikuwa na radi mbali upande wa Urambo, na kila mmweko ulifika redioni kabla ya ngurumo kufika masikioni. Palikuwa na Kifaransa, pengine cha Kongo. Palikuwa na mahubiri. Mahali ambapo zamani Dodoma ingekuwa, alisema, palikuwa na upepo tu.

Nilichukua daftari, nikamwambia tuandike tangazo la mdogo wake kama lingeandikwa wakati ule, halafu niwapigie simu wote waliomo, mmoja mmoja, niwaulize walipata lini. Alilipokea jambo hilo kwa uzito nisioutarajia. Alikaa wima, akanitajia jina kamili la marehemu, la baba yao, kijiji walikotoka. Kisha tukaanza orodha. Nilijaza majina kumi na moja haraka, nikijivunia kwamba nayajua. Wanne kati yao hawamo kwenye kundi la ukoo. Nikamsomea.

"Umemsahau wa Malampaka," alisema.

"Yule shemeji si alishafariki, Babu?"

"Ana watoto. Na yule mwenye duka naye, kama yupo. Andika."